Kuku Walitangulia Kula

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa madhabahuni, na asifiwe bandani mwa kuku, maana kwangu alipitia huko!

Wengi mnanijua. Mimi ni Vestine wa Nyakiriba, yule mliyezoea kumwona na trei za mayai akielekea mpakani. Nilizaliwa Karagwe, nikarudi Rwanda na mume wangu, na tangu alipolala katika Bwana, kuku ndio wanaotulisha mimi na wanangu. Banda likinyamaza, nyumba inalala njaa.

Mnakumbuka sadaka ya mavuno. Tulileta mahindi huku mvua ikinyesha, tukaimba, tukapanga magunia juu ya saruji tupu kwenye stoo ya kanisa, mchungaji akayawekea mikono. Mengine yalitengwa kwa uji wa watoto wa shule ya Jumapili. Yaliyobaki yakanadiwa, nami nikayachukua kwa furaha. Nilijiambia: kuku wa wenzangu watakula mahindi ya sokoni, wangu watakula mahindi yaliyoombewa!

Haleluya, subirini kwanza.

Kuku wakapunguza mayai. Wakajikunyata, manyoya yamewasimama, vichwa chini. Kisha wakaanza kufa. Nikafunga na kuomba. Nikapaka mlango wa banda mafuta ya upako mpaka komeo likateleza! Na kila kuku aliyedhoofika nilimwongezea konzi ya yale mahindi ya kanisa, kwa sababu mgonjwa ndiye anayehitaji baraka zaidi. Ndugu zangu, nililia. Niliwatazama wanangu nikaogopa.

Sasa mwoneni Mungu. Nina kuku mmoja mtoro, wa kienyeji, asiyekubali kulala bandani. Hushinda kwenye migomba ya jirani yangu Mama Bahati akitafuta minyoo. Asubuhi moja Mama Bahati, ambaye mnajua amekulia Goma na haogopi kusema, akasimama uani kwangu akamnyooshea kidole.

“Vestine, angalia. Ile yenye kutembea-tembea iko muzima, inanona hata. Zile zenye unapatia mahindi ya kanisa, zote ziko zinakufa. Bon, we hauone?”

Nilimwambia asiikufuru sadaka. Lakini neno lilikuwa limeshaniingia. Tukachukua kuku aliyekufa asubuhi hiyo, pamoja na bakuli la mahindi, tukampelekea daktari wa mifugo. Akampasua mbele yetu. Ini, ndugu zangu! Ini la kuku huwa la rangi ya damu ya mzee. Hili lilikuwa la manjano, limevimba, linameguka vidoleni kama mkate. Akayapima mahindi kwa kipande chake cha karatasi, akatikisa kichwa. Ni sumukuvu, akasema, sumu inayoachwa na ukungu kwenye nafaka iliyowekwa na unyevu. Huioni kwa macho. Ukiosha haitoki, ukipika haitoki. Na inaumiza ini la mtu kama inavyoumiza la kuku.

Mama Bahati akashika kichwa. “Yesu wangu! Uji ya batoto!”

Ilikuwa Jumamosi, uji wa kwanza ulikuwa wa kesho yake, na mahindi ya uji yalikuwa yamekwisha kupelekwa kusagwa! Tukapanda pikipiki, mimi nikiomba kwa sauti mpaka dereva naye akaitikia amina. Tulipofika kwenye mashine, gunia la kanisa ndilo lilikuwa linafunguliwa. Nililikalia! Ndiyo, mama mzima, nililikalia gunia mpaka mchungaji alipofika.

Akazamisha mkono hadi katikati ya gunia, akautoa na punje zilizoshikana, zina joto, zimevaa unga wa kijani. Wengine walinong’ona kwamba sadaka haitupwi. Mchungaji akalibeba gunia begani mwake mwenyewe, tukaenda kulifukia.

Kuku waliobaki niliwabadilishia chakula, wakainuka taratibu. Niliomba aokoe kuku, kumbe alikuwa anaokoa watoto! Ni Mungu wa namna gani huyu?

Mpendwa unayedhani maombi yako yamegonga ukuta, mtumaini. Huenda jibu limesimama uani kwako na sauti ya jirani. Na ukimtumaini, anika mahindi! Ndiyo maana ile chupa ya chumvi iko kwenye meza ya sadaka. Tunatia punje na chumvi kavu, tunatikisa; chumvi ikiganda kwenye kioo, gunia linarudi juani kwanza, halafu ndipo liombewe. Chumvi haipimi sumu, inapima unyevu, na unyevu ndio mlango wake. Stoo yetu sasa ina mbao chini. Na mahindi yaliyoota ukungu, tusiseme tena kwamba hayo ni ya kuku.

Sasa, watoto wa shule ya Jumapili, simameni. Simameni wote, hata wewe mdogo wa nyuma, upande juu ya benchi tukuone.

Ndugu zangu, waangalieni vizuri. Kuku wangu walitangulia kula.