Sawa ya Askofu kwa Letisia wa Istanbul

Mnanisumbua na habari hii utadhani mimi ndiye mwalimu wa historia. Darasa la tatu sikulimaliza. Haya, nitaisema mara moja tu. Kijiwe chetu kiko nyuma ya stesheni ya Kilosa, na kahawa nauza mimi. Mjukuu wangu Letisia yuko Istanbul mwaka wa pili sasa, anaosha kwa mswaki vigae vya vyungu vinavyofukuliwa ardhini, vya watu wa kale waitwao Wabizanti. Simu yangu ni ya tochi, ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo ujumbe wa sauti anautuma kwa Wenceslaus, tunayemwita Askofu kwa kuwa kunyamaza hajui. Jumatano ile akauwasha mbele yetu.

— Bibi, shikamoo. Hicho kigae kwenye picha ni cha sahani ya Mbizanti. Wenyewe walijiita Warumi...

Askofu akauzima papo hapo, akamwandikia: "Marahaba, mjukuu. Sawa." Ubishi ukaanza.

— Warumi ni wa Roma, akasema Askofu. Uturuki walifuata nini?

— Mfalme wao alihamisha makao, akamjibu Mudi, fundi baiskeli, tunamwita Profesa. Kama serikali ilivyohamia Dodoma.

— Mji ukaangukaje?

— Waturuki walikuta bandari imefungwa kwa mnyororo. Wakakokota meli nchi kavu, wakazishusha upande wa pili. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Meli inainamaje, Profesa?

— Wewe bisha tu. Walionusurika walikimbilia huku. Tazama pua ya shemeji yangu wa Masanze.

— Ile pua aliivunja mpirani.

— Mkataa kwao mtumwa.

Mimi nilikuwa naangalia picha. Kidole kilichoshika kigae kina kovu la panga, alilipata shambani kwangu.

Jumatatu akapita Metito, mfugaji, mgeni kijiweni. Akatuamkia, akapokea kikombe, akawasikiliza mpaka Wabizanti wakafika Mikumi na kufuga twiga.

— Na huyo binti anarudi lini?

Profesa akamtazama Askofu. Askofu akatoa simu, akaurudia ujumbe, safari hii hadi mwisho.

— ...Bibi, kazi inaisha mwezi ujao, ila wananitaka mwaka mwingine. Nimekukumbuka mno. Ukisema njoo, nakuja. Nasubiri neno lako mpaka Ijumaa.

Ijumaa ilishapita. Neno langu lilikuwa ile sawa ya Askofu, na chini yake picha ya mkataba aliyoituma Letisia, umeshatiwa saini.

— Dada yangu, mimi sikujua, akasema Askofu.

— Ya Warumi uliyajua.

Tulimpigia palepale. Mkataba hauvunjiki. Letisia alilia. Mimi nilikuwa na maji jikoni, nikaenda kuyatazama.

Metito akasema kwao ukipoteza ndama wa mtu, unalipa ndama. Askofu hana mjukuu wa kunipa, akalipa simu. Iko kwangu kabatini, pamoja na vikombe, hadi Letisia atakaposhuka. Mwana wa Askofu akimpigia baba yake toka Morogoro, napokea mimi. Nikikumbuka, namfikishia.