Bibi Pua na Divai ya Kwao

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, msimamizi wetu wa chumba cha mapipa anastaafu. Jina lake kamili analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Bibi Pua, naye huitika.

Ndoa ndiyo iliyomleta huku bondeni. Kwao ni milimani, kwenye baridi, ambako baba yake alikuwa na kishamba cha mizabibu kwenye mteremko wa mawe. Kule zabibu huiva polepole, na divai yake nyeupe huwa nyepesi, yenye ukali kidogo na harufu ya ndimu na tufaha bichi. Huku kwetu jua halina mzaha: zabibu hujaa sukari upesi, na divai hutoka nzito, inanukia nanasi lililoiva na asali. Siku yake ya kwanza kazini alipewa aionje. Aliimeza kwa adabu, akasema ni nzuri, kisha akaomba maji.

Alianza kwa kuosha matangi. Haikupita miaka mingi akakabidhiwa kuonja, kwa kuwa pua yake haikuwa na mwenzake. Kuingia kwenye chumba cha mapipa umejipaka manukato ilikuwa kujitafutia balaa. Aliwahi kumrudisha meneja mzima mlangoni, meneja akaenda kunawa shingo bombani huku wageni wakimsubiri.

Mumewe alikuwa fundi wetu wa mapipa. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ghala, na humo alikunja mbao za mwaloni juu ya moto na kuzibabua upande wa ndani. Pipa jipya la namna hiyo huipa divai harufu ya vanila na mkate uliobanikwa. Kwa jambo hilo wawili hawa hawakuelewana hata siku moja, na sote tuliokula nao mchana ni mashahidi. Bibi Pua alishikilia kwamba divai ya mwaloni mpya ni kama bibi harusi aliyepakwa poda kupita kiasi, humjui tena ni mtoto wa nani. Fundi alijibu kwamba hata mzuri huvalishwa. Kisha wakala kwenye bakuli moja.

Miaka tisa iliyopita fundi aliugua ghafla, akatutoka. Bibi Pua alirudi kazini baada ya msiba akiwa na maneno machache. Mapipa ya mumewe yaliendelea na kazi, lakini mwaloni nao huzeeka; baada ya mavuno kadhaa hauna tena harufu ya kutoa. Ofisi ikaamua yauzwe, yakatwe yawe vyungu vya maua.

Hapo ndipo Bibi Pua alipopanda ngazi za ofisini bila kuitwa. Aliomba mapipa yale yaachwe kwa msimu mmoja tu wa mavuno, na aletewe lori moja la zabibu kutoka milimani. Meneja alisita, akakubali, ila akasema wazi kwamba divai ikiharibika hakutakuwa na mara ya pili. Shamba la baba yake lilikuwa limekwishang'olewa, kwa hiyo zabibu zilitoka kwa jirani wa huko huko.

Divai yake ikatiwa kwenye mapipa yale, tukangoja miezi. Kila alipoulizwa alijibu bado. Pipa moja liligeuka siki. Alilimwaga mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Siku ya kuonja yaliyobaki alinywa funda moja, akatupitishia bilauri nasi tuonje. Ndimu ilikuwepo, na ule ukali wa baridi, ila umelainika, maana pipa kuukuu huiacha divai ipumue bila kuitia harufu yake.

"Kwetu kupo humu," alisema. "Na mwenzangu yupo, ila safari hii kanyamaza."

Akacheka, akafuta macho, akatuambia turudi kazini.

Leo divai hiyo ndiyo wateja wanayoiulizia kwanza. Ofisi ilitaka kumzawadia pipa moja la mumewe, akakataa.

"Pipa tupu hukauka likapasuka," alisema. "Liacheni lifanye kazi."

Anakwenda kuishi na mdogo wake milimani. Wiki iliyopita, tukimsaidia kufungasha, alikiri kwetu kwamba miaka yote hii huku alikuwa akiitamani baridi ya kwao, na sasa, hata hajaondoka, ameanza kulitamani joto letu. Mmoja wetu alifunga sanduku, mwingine akatafuta kamba.

Bibi Pua, ahsante kwa ukali wako, kwa subira yako, na kwa kutufunza kunyamaza tunapoonja. Mlima ukupokee kama mwanawe, afya isikupungukie, na siku zako huko ziive taratibu. Huku nasi tunabaki na upweke wa kukukosa.