Ukanda wa Mpira Kwenye Goti Langu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Namsifu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, na sasa hivi mtaelewa kwa nini.

Nilikuwa nachimba madini kule kwenye mgodi wa Mashamba. Mguu wa kushoto ukaanza kuuma kila nilipotembea, kisha ukawa baridi hata juani. Mshipa wa damu ulikuwa umeziba. Madaktari wakachukua mshipa mwingine mwilini mwangu, wakaushona karibu na goti uwe njia mpya ya damu. Mguu ukapata joto. Nililia kwa furaha!

Lakini goti lilibaki legevu. Mnatujua sisi wachimbaji: goti likilegea, tunalikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ndipo tunabeba mfuko. Rafiki yangu Ilunga, ambaye huniita Yaya, yaani kaka, akanifunga kwa upendo, huku akinitania: "Yaya, mugulu ya muchimbaji bila mupira ni mugulu ya bibi arusi!"

Tukacheka. Baada ya muda baridi ikarudi. Mke wangu aliomba akilia, kwa maana tulijua kinachofuata: kukatwa mguu.

Tulirudi hospitali, Ilunga akinishika mkono. Dokta akaona alama kwenye ngozi.

"Tata, nani amekufunga hivi?"

"Ni mimi, Dokta," Ilunga akajibu. "Njo dawa yetu ya mugodi."

"Hii mupira njo inazuia damu. Fungua!"

Ndugu zangu, nisikilizeni polepole. Mshipa ulioshonwa ni nyama hai. Unahisi damu inavyopita. Damu ikipita vizuri, ukuta wa mshipa haunenepi ovyo. Damu ikizubaa, ukuta unaota nyama kwa ndani, unanenepa, na njia inazidi kubana. Msidhani ni tope linalotuama kama kwenye mfereji wetu wa kuoshea mawe. Ni ukuta wenyewe unaokua!

Ashukuriwe Mungu, tulikuwa tumewahi. Wakapanua njia ile kwa puto dogo, wakaniagiza nitembee kila siku. Sasa Ilunga hupita kunichukua asubuhi: "Yaya, twende, damu ipite!"

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa mliyemfunga kwa upendo, mpeleke kwa daktari, ukiomba njiani. Usiogope. Mungu aliyenifungulia mimi hajachoka kufungua. Na mkitoka, piteni hapa muuguse mguu huu. Una joto!