Darasa Lililotulia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwalimu wa darasa la mwisho kabisa, lile lililo karibu na stoo. Watu waliwaita wanafunzi wake vichwa maji. Yeye aliwaita wanangu.

Walikuwa kumi na wanne, wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Kusoma kuliwashinda. Hasira nazo ziliwashinda. Mwalimu alipoita majina, hakutaka "nipo" tupu.

"Nipo, sijalala."

"Nipo, nina hasira, usinisogelee!"

"Haya mkubwa, leo nakupitia mbali," hujibu mwalimu, na darasa zima huangua kicheko.

Alifariki Jumapili, ghafla, kwa shinikizo la damu. Hapo ndipo wakubwa walipokosea. "Wale hawataelewa," walisema. Watoto wakaambiwa mwalimu amesafiri. Amesafiri, basi.

Jumatatu darasa kimya. Jumanne kimya. Mkuu wa shule akafurahi: "Kumbe wanaweza kutulia!"

Msafishaji wa shule hakufurahi. Jumatano, saa mbili asubuhi, alipita na ndoo yake, akasimama mlangoni. Kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu. Watoto wote walikikazia macho. Mmoja akasema, "Nipo." Kimya kidogo, kiasi cha jina kuitwa. Wa pili akasema, "Nipo." Hakuna aliyeita. Wakaendelea hivyo, kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio, hadi wa mwisho, binti waliyemwita Kimbunga. Akatikisa kichwa kama anayesemeshwa.

"Nipo. Sitarudia tena."

"Nywele zilinisimama," msafishaji anatuambia. "Mtoto yule hajawahi kungoja zamu tangu azaliwe. Na chakula alikuwa hagusi."

Akaweka ndoo chini, akaenda moja kwa moja msibani, akamweleza dada wa marehemu. Dada akaja vilevile na nguo za msiba. Akachuchumaa mbele ya Kimbunga, akasema wazi: mwalimu amekufa.

"Ijumaa nilipindua meza," binti akanong'ona. "Nimemuua mimi, shangazi?"

"Hapana, mwanangu. Ni ugonjwa. Alikuwa nao kabla hujazaliwa. Hiyo meza alinisimulia jioni ileile, anacheka mpaka machozi."

Kimbunga akapiga ukelele uliosikika hadi barabarani. Safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Kwa dada wa marehemu, na kwa wanawe wale kumi na wanne: poleni sana. Tuko pamoja nanyi.

Nawe msikilizaji, mtoto msumbufu akitulia ghafla nyumbani kwako, usiharakishe kushukuru. Keti naye. Muulize anajilaumu kwa lipi.