Mti wa Noti Zilizofutwa

Mama aliyeketi karibu nami ndani ya treni hakuwa na mume, hakuwa na mwavuli, na tangu jana hakuwa na hela inayokubalika popote Burma. Mapajani alipakata mti wa sadaka, fremu ya mianzi iliyotundikwa noti za thamani ya kyat sabini na tano, anaupeleka kwa watawa kumwombea marehemu mwanawe. Jana hiyo redio ilitangaza kwamba noti hizo zimefutwa, bila fidia.

"Peleka tu, shangazi," muuza tambuu aliyekaa mbele yake alimwambia. "Thawabu ni nia."

"Nia itaezeka paa la watawa? Mwaka juzi walifuta noti za mia, wakasema tushike hizi. Nikashika! Leo mwanangu nimpelekee makaratasi?"

"Basi rudi nazo, ukafungie karanga."

"Mdomo wako huo, mjomba!"

Mimi nilijifanya nasoma gazeti. Lilisifu mavuno.

Treni ikasimama, mama akainuka. Kwa desturi, abiria wote tukaunganisha viganja kuuheshimu mti ule. Muuza tambuu akachomoa noti yake ya sabini na tano, akaibana tawini. "Na yangu. Zizikwe pamoja."

Mama hakumshukuru. Alishuka akasimama mvuani, asijue aende kwa watawa au arudi.