Nesi Sahani na Swali la Pili

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote katika shule hii, hata mwenzangu ninayekaa naye dawati moja. Najua kwa nini nilianguka kwenye mkutano wa asubuhi mwaka juzi, na sababu si ile mnayoisimulia. Nitaieleza hapa kwa kuwa mtu anayelaumiwa anaondoka mwisho wa mwezi, na sitaki aondoke na lawama isiyo yake.

Muuguzi wa shule yetu anastaafu tarehe thelathini, baada ya kutumikia miaka ishirini na saba katika chumba kimoja. Kwa kawaida wasifu wa mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii mwalimu wa lugha, ambaye ndiye mhariri wa jarida letu, amenipa kazi hiyo mimi wa kidato cha tatu. Alisema walimu wakiachiwa wataandika kuhusu chai yake tu. Chai yake ni nzuri kweli, lakini nitajitahidi kutaja na mengine.

Alikuja akiwa kijana, akitokea wodi ya watoto ya hospitali kubwa. Chumba alichokabidhiwa kilikuwa stoo ya viti vibovu. Karani wa shule, aliyeanza kazi mwaka uleule, anakumbuka kwamba wiki za mwanzo wagonjwa walikuwa wakikalia viti hivyohivyo vya miguu mitatu, na kuna mtoto aliyeingia na homa akatoka na homa na nundu. Leo chumba kina vitanda viwili, pazia la kijani, sinki, mizani, kabati la dawa lenye kufuli na birika kwenye kizingiti cha dirisha. Vyote hivyo alivipata kwa kuomba, na wakuu wa shule wanne waliopita hapa wote wanajua anavyoomba: anakuja ofisini, anakaa, hasemi kitu mpaka ukimya wake ukutie aibu.

Jina la Nesi Sahani alipewa na wanafunzi kwa sababu ya utaratibu wake. Ukimwendea ukalalamika kwamba unachoka, nywele zinakatika au maandishi ya ubaoni yanacheza, hupewi kidonge. Unaulizwa kwanza, "Jana ulikula nini?" Saa ya chakula cha mchana unamkuta bwaloni, amesimama kando ya ndoo ya makombo, mikono nyuma, akitazama sahani zinavyorudi. Husema mtoto anaweza kudanganya lakini ndoo haina sababu ya kudanganya. Ni hapo alipogundua kwamba kidato cha kwanza kizima kilikuwa kikitupa mboga za majani. Hakuwahubiria. Alichukua kijiko, akaonja, akaenda jikoni. Mpishi mkuu alinuna wiki nzima, lakini mboga zilizokuwa zikichemshwa hadi kuwa kama kamba za viatu zikaanza kuja zikiwa bado na rangi yake.

Vidonge vya vitamini ndivyo vilivyompa kazi kubwa. Kila mitihani ikikaribia, shule hujaa vikopo. Kuna vile vya kutia kwenye maji vikachemka vyenyewe, vya rangi ya chungwa. Kuna vya kuongeza kumbukumbu. Kuna unga wa misuli ambao mwalimu wa michezo aliukoroga mbele yetu kwa fahari, kisha akashindwa kuumeza. Nahodha wa timu ya mpira, ambaye sasa amemaliza shule na ameniruhusu nisimulie, alikwenda mbio kwa nesi siku moja.

"Nesi, dawa inafanya kazi! Mkojo wangu umekuwa wa njano, unang'aa!"

"Inafanya kazi ya kutoka," nesi akamjibu bila kuinua macho. "Mwili umechukua kidogo ulichokihitaji, kilichobaki umekimwaga. Katika nyumba yenu, mwanangu, anayekula vitamini ni choo."

Msidhani alikuwa adui wa vidonge. Mwalimu wa hisabati anasema alipokuwa mjamzito, nesi alimfuata hadi darasani kuhakikisha amemeza asidi ya foliki, na hakukubali kisingizio cha kusahau kutoka kwa mtu anayefundisha kuhesabu. Msimamo wake ulikuwa kwamba kidonge ni cha kuziba pengo, kwa hiyo lazima kwanza ujue pengo liko wapi. Kama halipo, umejaza nini?

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoiogopa.

Mwaka juzi, nikiwa kidato cha kwanza, nilianza kuchoka kwa namna isiyo ya kawaida. Nilikuwa nikipumzika katikati ya ngazi za maktaba na kujifanya nasoma matangazo yaliyobandikwa pale. Nililala juu ya vitabu, na vitabu ndivyo ninavyovipenda kuliko kitu chochote. Nilikwenda kwa nesi. Akauliza swali lake, nikamjibu, akanifuata bwaloni. Mimi hula huku nikisoma, sioni kilichomo, namaliza kila kitu. Maharage, mboga, yai, chungwa, vyote vimekwisha. Aliitazama sahani yangu wiki nzima, akaniambia haina kosa, nilale mapema na nipunguze kusoma chini ya shuka.

Mama yangu hakuridhika. Mama ni fundi cherehani, na jirani yetu mmoja huuza vikopo vya vitamini nyumba kwa nyumba. Alimwambia mama kwamba kikopo hiki kinaondoa uchovu, kinasafisha macho, kinatuliza magoti na mawazo. Mama akaleta viwili shuleni ili nimeze mchana mbele ya nesi. Nilikuwa nimelala nyuma ya lile pazia la kijani, na nilisikia yote.

"Nesi, mwanangu amekuwa kama nguo iliyofuliwa mpaka ikapauka. Mpe hivi."

"Mama, hicho kikopo kinatibu magoti na mawazo kwa pamoja? Basi mimi na daktari twende zetu tukalime."

"Usinifanyie mzaha. Mtoto ni wangu."

"Sikufanyii mzaha, mama yangu. Mtoto anakula. Sahani yake naiona kila siku kwa macho yangu haya."

"Wewe unaiona sahani," mama akasema. "Mimi namwona yeye akipanda ngazi."

Nesi alikuwa mpole lakini hakulegea. Kanuni ya shule inakataza vidonge visivyotolewa na mtaalamu, hivyo mama alirudi na vikopo vyake, na mlango ulifungwa kwa nguvu kiasi cha pazia kutikisika. Juma lililofuata, mkuu wa shule akiwa katikati ya matangazo, nilianguka.

Hospitali walipima damu. Madini ya chuma yalikuwa yamekwisha mwilini mwangu karibu yote. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimwomba mama yangu anisubiri nje, akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: hedhi yangu huwaje? Nilimweleza kwa sauti ndogo sana, ikabidi asogeze kiti. Ilikuwa nzito, na ilikuwa ikichukua siku nyingi kuliko inavyopaswa. Sikujua kwamba si kawaida. Nilidhani kila msichana yuko hivyo na wenzangu ni wavumilivu kuliko mimi. Nimesoma vitabu vingi vya maktaba yetu, na hakuna kilichowahi kuniambia.

Mama alipoingia, daktari alimweleza yote, kisha akaomba kuona vikopo, maana mama alikuwa bado anavyo mkobani. Aligeuza kimoja akasoma orodha ya nyuma. Vitamini C ilikuwemo, za kundi B zilikuwemo, zinki ilikuwemo. Chuma hakikuwemo. Kwa hiyo vikopo vya mama visingenisaidia, na sahani yangu safi nayo isingetosha peke yake, kwa kuwa nilikuwa nikipoteza damu nyingi kuliko chakula kilivyoweza kurudisha. Nilipewa vidonge vya chuma vya miezi kadhaa na dawa ya kupunguza damu. Vidonge vile vilinifaa kabisa. Siku niliyofika juu ya ngazi za maktaba bila kusimama niliketi nikacheka peke yangu, msimamizi akaniambia ninyamaze.

Shuleni, hata hivyo, habari ilikuwa imekwishaenea: nesi aliwanyima watoto vitamini mpaka mmoja akaanguka. Wazazi waliitisha kikao. Wengine walitaka aondolewe. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na siwezi kumlaumu, kwa sababu ni kweli aliona nilivyokuwa nikidhoofika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nesi alisimama mbele ya mkutano wa asubuhi. Angeweza kusema kwamba msichana mwenyewe hakueleza. Angeweza kutaja ugonjwa, ambao barua ya hospitali ilikuwa imemweleza, na kila mtu angeelewa kwa nini sahani haikuonyesha kitu. Alisema hivi tu: "Nilitazama sahani, sikumtazama mtoto. Kosa ni langu." Kaka mmoja wa kidato cha nne akapaza sauti kutoka nyuma, "Kwani alikuwa na ugonjwa gani?" Nesi akamjibu, "Huo ni wake," akashuka jukwaani. Watu walicheka. Kwa muhula mzima wapo waliogonga sahani kwa vijiko kila alipoingia bwaloni. Alisimama palepale kando ya ndoo, mikono nyuma, kama hasikii.

Ni tangu siku hizo alipoongeza swali la pili. Msichana akija na uchovu huulizwa alikula nini, kisha huulizwa kuhusu siku zake, mlango ukiwa umefungwa. Wavulana nao wana swali lao la pili, linalohusu simu na saa ya kulala, na nasikia hawalipendi. Wasichana kadhaa wamepelekwa kupimwa damu kwa sababu ya swali hilo. Na wenzangu waliponiona nimepata nguvu wakaenda kuomba vidonge vya chuma kama vyangu, aliwakatalia wote ambao hawakuwa wamepimwa. Chuma kikizidi mwilini kinadhuru, na kidonge kilichomwinua mmoja kinaweza kumwumiza mwingine. Hakuogopa kusema hapana tena, ingawa hapana ya kwanza ilikuwa karibu imfukuzishe kazi.

Watu huniuliza, kwa kuwa ninasoma sana, kama inafaa kumeza vitamini. Nilijifunza jibu katika chumba kile, nalo ni refu kuliko ndiyo au hapana. Kwa mtu anayekula vizuri na asiyekosa kitu, vikopo vingi havimwongezei jambo. Kwa mtu mwenye upungufu, kidonge kinachohusika kinaweza kuwa tofauti kati ya kukwama katikati ya ngazi na kufika juu. Huwezi kujua wewe ni yupi kwa kusoma sifa zilizoandikwa kwenye kikopo, wala kwa kutazama sahani peke yake. Lazima mtu akuulize, na lazima nawe ujibu.

Nesi Sahani, tunakushukuru kwa miaka yote ya kusimama pale ambapo hakuna mtu anayependa kusimama. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, miguu iliyopumzika, na chakula cha mchana unachokula mwenyewe kikiwa bado moto, bila ndoo yoyote ya kulinda.

Mistari inayofuata nimeiongeza baadaye, kwa ruhusa ya mhariri.

Nilipomaliza kuandika, nilimpa mama asome kabla ya mtu mwingine yeyote, maana habari hii ni yake pia. Alikuwa kwenye cherehani. Alisoma mguu ukiwa juu ya kanyagio, akarudia tena tangu mwanzo.

"Umeandika na mambo ya hedhi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Shule nzima isome."

"Ndiyo. Wapo wanaopumzika katikati ya ngazi."

Aliokota uzi ulioanguka mapajani. "Mimi nilidhani alinyamaza pale jukwaani kwa sababu hana la kujitetea," alisema. "Sikujua alikuwa anakufunika wewe." Kisha akauliza, kama vile tulikuwa tukizungumzia jambo hilo tangu asubuhi, "Ni mnene kiasi gani yule mama? Anavaa nguo ndefu au fupi?"

Kesho yake wakati wa mapumziko nilipeleka karatasi hizi kwenye chumba cha nesi. Wavulana wawili wa kidato cha kwanza walikuwa wameketi kwenye benchi, kila mmoja na kipimajoto mdomoni. Nesi alipokea karatasi, akaziweka chini ya birika asizisome mbele yangu, akaniuliza nilikula nini jana. Nikamwambia. Akaniuliza swali la pili kwa sauti ya chini, akinyoosha mkono kufunga mlango.

Nilimwambia auache wazi. Nikamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba siku zangu ni nne sasa na sichoki. Kisha nikatoa tepu ya kupimia ya mama mfukoni, nikamwomba asimame, nikaanza kumpima mabega.