Mwalimu Teresia Mghoi Nyambu na Madaftari Yake ya Ndege

Mwalimu Teresia Mghoi Nyambu, ambaye leo tunamlaza katika shamba la Marungu alilolilima kwa mikono yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 kijijini Mraru, Mbololo. Alikuwa mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Mwakio na Mama Wakesho. Ndugu zake wote sita walimtangulia, na kila mmoja alipozikwa, Teresia ndiye aliyesoma wasifu.

Alianza masomo mwaka 1952 katika shule ya misheni. Ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na sehemu kubwa ya njia ilikatiza msituni. Dada zake walipita hapo mbio kwa kuogopa nyani. Yeye alisimama kila hatua chache kusikiliza ni nani aliaye juu ya mti, akafika darasani kengele imekwisha kulia, akachapwa. Hata hivyo alifaulu. Mwaka 1961 alijiunga na chuo cha ualimu, na mwisho wa 1963 alihitimu na kupata cheti cha ualimu cha daraja la P3.

Alifundisha madarasa ya chini kwa miaka thelathini na sita, katika shule za msingi za Mbololo, Mwatate na Voi, hadi alipostaafu mwezi Desemba 1999. Waliopita mikononi mwake, na wengine wako hapa leo na mvi zao, watakumbuka kwamba hakumwadhibu mtoto aliyechelewa iwapo angeweza kutaja ndege aliyemwona njiani. Ujanja huo ulienea upesi. Mvulana mmoja wa Mwatate aliapa kwamba alicheleweshwa na mbuni aliyekuwa amesimama juu ya paa la kanisa. Mwalimu alimruhusu aingie, akampa chaki, akamwambia amchore ubaoni, na paa pia.

Tarehe 18 Desemba 1965 alifunga ndoa kanisani na Hillary Nyambu, fundi wa ishara za reli katika stesheni ya Voi. Waliishi nyumba za reli, kisha mtaa wa Sofia, na hatimaye hapa Marungu. Mzee Hillary ndiye aliyemletea darubini, zawadi ya mkubwa wake aliyekuwa anastaafu. Kioo kimoja kilikuwa na ufa, kwa hiyo Mwalimu alitazama ndege miaka yote akiwa amefumba jicho la kushoto. Mwaka mmoja mzee alisoma daftari ambamo mkewe aliandika ndege na mambo ya kila siku, tangu Januari hadi Desemba, akilitafuta jina lake mwenyewe. Alijikuta mara kumi na tisa, na hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, mara arobaini na moja. Alilalamika mezani mbele ya watoto, kwa upole, naye mkewe akamjibu kwamba hondohondo hurudi nyumbani kwa wakati.

Kuhusu madaftari hayo ni lazima jambo lisemwe, maana wengi waliyaona na wachache walijua yalikotoka. Mzaliwa wake wa kwanza, Samuel, aliugua akiwa na miezi minane. Muuguzi wa zahanati alimpa mama daftari, akamwagiza aandike kila siku joto la mwili, mtoto amenyonya mara ngapi, amelala saa ngapi. Aliandika tangu tarehe 5 Juni 1967. Siku ya sita aliongeza mstari ambao hakuagizwa: chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, alitua nje ya dirisha, na Samuel akamfuata kwa macho. Siku ya saba aliandika: "Samuel ametuacha saa tatu asubuhi." Miaka mingi baadaye alimweleza mjukuu wake Shanice kwamba kurasa zilikuwa zimebaki, na hakujua la kufanya nazo. Basi kesho yake akaandika tena, na kesho kutwa, mpaka yakawa madaftari sabini na mawili.

Humo mna kila kitu cha nyumba hii. Mna kuzaliwa kwa Silvanus mwaka 1968, Pauline 1971 na Morris 1975. Mna surua, mitihani, ukame wa 1984, na usiku ndovu walipomaliza mahindi yote wakaacha kibuyu kimoja kizima. Siku ya harusi ya Pauline imeandikwa hivi: "Pauline ameolewa. Nimelia nyuma ya jikoni. Hondohondo wawili kwenye mgunga."

Mzee Hillary alifariki dunia kwa kiharusi tarehe 2 Septemba 2004. Watoto walikuwa wamekwisha kusambaa: Silvanus Mombasa, Pauline Nairobi, na baadaye Morris akaenda Doha. Tangu hapo mistari ya madaftari inakuwa mifupi. "Simu ya Silvanus, dakika nne." "Kwezi kumi na wawili kwenye tangi la maji." "Leo hakuna aliyebisha hodi." Mstari huo wa mwisho unarudi mara nyingi, na baada ya 2010 anaufupisha tu kuwa "Hakuna." Hakulalamika kwa mtu. Aliyeingia na kutoka kwake alikuwa jirani, Kavinya Nzioka, aliyemletea maziwa na kumchotea maji.

Mwaka 2017 daktari wa macho mjini Voi alimwambia kwamba ana presha ya macho. Alipewa dawa ya matone, akaitumia, ikaisha, akatumia tena. Kufikia mwisho wa 2022 giza lilikuwa limefunga macho yote mawili. Hakuwaambia wanawe. Kila Jumapili Silvanus alipopiga simu alimuuliza, "Mama, umeona nini wiki hii?" naye akamtajia ndege mmoja mmoja. Hakuwatunga. Aliwasikia, akawatambua kwa sauti. Kilichopotea katika masimulizi yake ni rangi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Desemba 2023 Pauline alipita Marungu kwa saa mbili, akiwa na wageni, wakielekea Taveta. Mama aliwaandalia chai kwenye meza aliyoijua kwa vidole. Jioni hiyo, kwa herufi kubwa zilizopanda juu ya nyingine, aliandika: "Pauline amekuja. Sauti yake imekuwa ya mama yangu. Sikumwona uso. Sikumwambia."

Shanice, binti wa Silvanus, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya na anayeyasoma, alikuja kukaa naye wiki mbili mwezi Aprili mwaka huu baada ya kumaliza chuo Eldoret. Siku ya pili nyanya alimpa daftari amsomee. Alimpa likiwa juu chini.

"Nyanya, huoni?" Shanice alimuuliza.

Alijibu kwamba anaona kidogo. Akaisawazisha kanga yake magotini. Kisha akasema, "Sioni. Usimwambie baba yako. Watanihamisha Mombasa, na kule nitasikia kunguru tu mpaka nife."

Shanice aliahidi. Kwa wiki mbili alimsomea kuanzia mwaka 1967, naye nyanya akamsahihisha pale mwandiko ulipofifia, maana aliukumbuka. Shanice alirudi Mombasa na siri ile, akala na babake meza moja wiki tano, asiseme. Hilo ni lake, na atalibeba.

Jumapili tarehe 1 Juni, alfajiri, Mwalimu alisikia sauti ya ndege asiyemjua. Alitoka nje bila fimbo na akakikosa kidato cha mlango. Kavinya alipoleta maziwa alimkuta chini kwenye umande, nyonga imevunjika. Kabla hajamwambia mahali panapouma, Mwalimu alimuuliza kama amemwona ndege huyo. Kavinya hakuwa amemwona.

Mwalimu alilazwa hospitalini Voi. Siku hiyo Shanice alimweleza babake yote. Silvanus alifika usiku uleule, Pauline kesho yake, na Morris akawa anapiga simu ya video kila jioni, akimtazama mama asiyeweza kumtazama. Nimonia ilimpata wiki ya pili. Mwalimu Teresia alifariki dunia Ijumaa tarehe 20 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Pauline alikuwa amemshika mkono.

Jumatatu iliyofuata familia ilikaa hapa nyumbani kupanga mazishi. Silvanus hakutaka habari za upofu zisomwe. Alisema wasifu ni heshima ya marehemu, haukuwekwa kuwaanika walio hai. Kisha akamgeukia Kavinya, akamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuwapigia simu.

"Nilidhani mnajua," Kavinya alisema. "Ni mama yenu."

Silvanus alitoka nje, akakaa kwenye kile kidato. Aliporudi alimwambia Shanice, "Isome yote. Mimi nitakaa mbele." Akaomba pia yasomwe maneno ya siku ya mwisho katika daftari, aliyoyasema mama mwenyewe Jumatano tarehe 18 Juni. Shanice aliyaandika kwa niaba yake, huku Silvanus na Pauline wakibishana kando ya kitanda ni nani atakayekaa na mama akipona, na Morris akidakia kutoka kwenye simu. Nyanya alimvuta mjukuu wake karibu, akamwambia aandike hivi:

"Jumatano. Uji nusu kikombe. Mguu unauma. Dirisha liko wazi, lakini leo sikusikia ndege hata mmoja. Watoto wangu wanaongea."

Mwalimu Teresia ameacha wana watatu: Silvanus na mkewe Beth, Pauline na mumewe Donald, na Morris, wajukuu saba na vitukuu wawili. Familia imeomba jina la Kavinya Nzioka liandikwe pamoja na majina ya watoto, na limeandikwa.

Mungu, ambaye hakumpoteza machoni pake hata siku moja, amlaze pema na kumpa utulivu.